Wajina wa Creusa

Fungua kamusi yoyote kubwa ya visasili vya Kigiriki, tafuta jina Creusa, nawe utakutana na namba. Kuna Creusa mungu wa kike wa chemchemi, binti wa Gaia, aliyezaa na mto Peneus. Kuna Creusa binti wa Erechtheus, mfalme wa Athens. Kuna Creusa binti wa Creon, mfalme wa Corinth, yule bibi harusi aliyeunguzwa na vazi la Medea. Kuna Creusa binti wa Priam, mfalme wa Troy, aliyeolewa na Aeneas. Namba zimetiwa na watunga kamusi ili msomaji asipotee njia. Washairi na watunzi wa tamthilia hawakuwa nazo. Walikuwa na jina moja tu, na hadhira iliyokwisha kulisikia likiitwa kwa mwanamke mwingine.

Swali linalonivuta ni la fani. Mtunzi anafanya nini na jina lenye wenyewe tayari?

Kwetu pwani, watu wenye jina moja ni wajina, au huitana somo, na baina yao huingia undugu mdogo. Mtoto akipewa jina la bibi yake, bibi humwita somo yangu, na watu huanza kumtafutia mjukuu tabia za bibi. Akina Creusa hawakurithishana hivyo. Hakuna aliyeitwa kwa kumkumbuka mwenzake. Kinachowaunganisha ni neno lenyewe. Katika Iliad, Homer humtaja Agamemnon tena na tena kwa sifa ya kreion, yaani mwenye kutawala. Umbo la kike la neno hilo ni kreiousa, na katika kitabu cha 22 amevishwa Laothoe, mmoja wa wake za Priam. Sifa hiyo ndiyo iliyogeuka jina. Creon ni mtawala, Creusa ni mtawala wa kike. Sikio la Kiswahili linaweza kukumbuka Mwinyi na Mwana, maneno ya heshima yaliyotangulia majina ya watu wa daraja hata yakawa yenyewe majina au vipande vya majina, kama Mwanaisha na Mwanahamisi.

Kwa hiyo msimulizi anaposema kwamba Creon wa Corinth alikuwa na binti aitwaye Creusa, kwa kweli anasema Mtawala alimzaa Mtawala. Bado hajatupa mtu; ametuonyesha kiti. (Msomaji aliyepitia Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles, amekwisha kumwona Creon wa Thebes, shemeji wa mfalme. Huyu wa Corinth ni mtu mwingine kabisa, na sababu ya kufanana majina ni ile ile.) Wapo wanaoona katika jambo hili uvivu wa kubuni majina. Mimi naona kinyume. Kiti kikiwa kitupu ndipo uhodari wa mtunzi unapopimwa, kwa kuwa jina halimsaidii chochote; atakachokiweka pale ni chake.

Tuanze na aliyenyimwa hata jina hilo. Medea ya Euripides ilichezwa Athens mwaka 431 K.K. Bibi harusi wa Jason, mume aliyemwacha Medea, ndiye chanzo cha ugomvi wote, ila tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho hatajwi kwa jina. Ni binti wa Creon, ni binti wa mfalme, ni bibi harusi. Hapandi jukwaani na hatamki neno. Majina mawili tuliyonayo yanatoka kwa wengine: Seneca, Mroma wa karne ya 1, anamwita Creusa, na katika karne iliyofuata msafiri Pausanias aliandika habari za kisima cha Glauce huko Corinth, ambamo inasemekana alijitupa akitumaini maji yatamtoa sumu.

Lakini tazama Euripides amempa nini badala ya jina. Mjumbe anasimulia kifo chake, na usimulizi huo unamkaribia binti huyu kuliko unavyoukaribia mwili wa mtu mwingine yeyote katika tamthilia. Kwanza ni macho: yamemwelekea Jason kwa hamu, kisha yanawaona watoto wa Medea, naye anajifunika na kugeuza shavu lake jeupe. Halafu anaziona zawadi walizoleta kutoka kwa mama yao, na moyo wake unalainika. Wageni hawajafika mbali, tayari amevaa vazi na kujitia taji la dhahabu. Anatengeneza nywele mbele ya kioo na kuitabasamia sura yake isiyo na uhai. Anainuka, anatembea chumbani kwa madaha, mara kwa mara anageuka kutazama jinsi vazi linavyomkaa nyuma, mguuni.

Sura isiyo na uhai: hivyo ndivyo mtunzi alivyoieleza picha ya kwenye kioo. Binti anaitabasamia maiti, na hajui. Kisha rangi yake inabadilika, anarudi nyuma akiyumba, anaangukia kiti. Mtumishi mmoja mzee anadhani mungu amempanda, anapiga kigelegele. Neno la Kigiriki ni ololyge, sauti ya wanawake katika ibada na shangwe, nasi hatuna haja ya tanbihi kuielewa. Kisha mzee yule anaona povu jeupe mdomoni, mboni zimepinduka, damu imeukimbia mwili, naye anakigeuza kigelegele kuwa kilio kikuu. Sauti mbili za harusi na msiba zimetoka kwenye koo moja, bila nafasi ya kupumua katikati. Moto unatoka kwenye taji, na nyama inachuruzika kama utomvu wa msonobari. Mjumbe anasema hapo kwamba uso wake usingetambulikana na yeyote isipokuwa mzazi wake.

Nimeurudia usimulizi huu mara nyingi, na kila mara hapo ndipo ninaposimama. Mtunzi alianza kwa kumnyima jina, akaishia kwa kumnyima uso. Anayebaki kumjua ni baba, yule Creon ambaye binti alikuwa akiitwa kwake tangu mwanzo: binti wa Creon. Baba anamkumbatia, na anapotaka kuinuka, mwili umemganda kama mtambaazi kwenye tawi. Utambulisho wa binti wa fulani umekuwa kitu cha kushikika, na unamuua aliyeutoa. Kwa maoni yangu Seneca alipoteza kitu alipomrudishia jina. Kutotajwa kwake ndiko kulikoubeba uzito wote.

Mtunzi yule yule, miaka mingi baadaye, katika tamthilia inayokadiriwa kuwa ya miaka ya 410 K.K., alimchukua Creusa mwingine, wa Athens, akamtendea kinyume kabisa. Tamthilia inaitwa Ion, lakini mwenyewe ni Creusa.

Creusa amefika Delphi na mumewe Xuthus kuomba mtoto. Zamani, akiwa msichana, Apollo alimnajisi katika pango chini ya mwamba wa Akropoli. Alizaa kwa siri, akamwacha mtoto katika pango lile lile ndani ya kikapu. Hermes, kwa amri ya Apollo, alimbeba mtoto hadi Delphi, akakulia hekaluni. Hayo yote Hermes anatuambia katika utangulizi, kwa hiyo Creusa anapokutana na kijana anayefagia ua wa hekalu kwa tawi la mlorela, sisi tunajua kwamba mama amesimama mbele ya mwanawe. Wao hawajui.

Kijana anamuuliza yeye ni nani. Anajibu kwa pumzi moja: jina, baba, mji. Ni jibu la mtu wa daraja, na jina Creusa linafanya hapo kazi yake ya asili, kutangaza cheo. Muulizaji, kwa upande wake, hana jina la kumrudishia. Ni mtumishi wa Apollo, basi; jina Ion atapewa na Xuthus baadaye ndani ya tamthilia. Mwenye jina la cheo anazungumza na asiye na jina, na mazungumzo yao yanakwenda mstari kwa mstari, huyu mmoja na huyu mmoja, zaidi ya mistari 100 mfululizo. Ni umbo la kujibizana linalofaa mahakamani. Hapa limegeuzwa kuwa kubembelezana: kila mmoja anauliza la mwenzake na kuligusa jeraha lake mwenyewe bila kukusudia. Yeye anamhurumia kijana asiyemjua mama. Kijana anamhurumia mama asiye na mtoto.

Kisha Creusa analeta shauri lake, na analileta kwa jina la rafiki. Kuna mwanamke mmoja, anasema, aliyelala na Apollo, akazaa, akamtupa mtoto, na sasa anataka kujua kama yuko hai. Rafiki huyo hana jina. Binti mfalme ambaye jina lake linasikika kila mahali inambidi ajifiche nyuma ya mwanamke asiyetajwa, kwa kuwa jina la Mtawala halina nafasi ya kuhifadhi aibu. Kijana anakataa: nani atathubutu kumuuliza mungu, ndani ya nyumba yake mwenyewe, jambo linalomwaibisha?

Ukimya huo unavunjika katikati ya tamthilia, na unavunjika kwa kubadilika kwa mizani. Creusa ameambiwa kwamba mumewe amepewa mwana na Apollo, yeye hakupewa kitu. Anaacha mizani ya mazungumzo, anaanza kuimba peke yake. Umbo la wimbo ni la sifa kwa mungu: anamwita, anataja zeze lake la nyuzi saba, nywele zake zinazometa dhahabu, kisiwa cha Delos alikozaliwa. Kila sifa inageuzwa kuwa shtaka. Nywele za dhahabu ni za yule aliyemjia alipokuwa akichuma maua ya manjano na kuyakusanya kwenye pindo la nguo. Mkono wa mungu umemshika vifundo vyeupe vya mikono yake, naye anamwita mama yake. Zeze linapigwa huku mtoto ameachwa kwa ndege. Hata Delos inamchukia, anasema mwishoni, na mlorela uliosimama pale alipozaliwa. Ni kama mtu angeisimamisha kasida kwa mizani yake yote na vina vyake vyote, kisha akaipeleka kwa kadhi kama hati ya mashtaka. Hapo ndipo mwanamke anapokikalia kile kiti. Amesema kwa kinywa chake, na rafiki wa bandia hahitajiki tena.

Kuna jambo moja zaidi katika Ion, nalo ndilo linalonifanya niipende kuliko tamthilia nyingine zote za Euripides. Mwana aliyepewa Xuthus ndiye kijana yule yule; baada ya jaribio la Creusa la kumtilia sumu kushindikana, Creusa amekimbilia madhabahuni, kijana anataka kumuua. Kuhani wa kike anatoka na kikapu cha kale. Creusa anakitambua, na kijana, kwa haki kabisa, hamwamini. Anamtaka ataje vilivyomo bila kutazama. Creusa anataja vitatu. Kitambaa alichokifuma msichana: si kazi kamili, ni jaribio la mwanafunzi, katikati kuna kichwa cha Gorgon na pembeni kimezungushiwa nyoka. Nyoka wawili wa dhahabu wa kumvisha mtoto. Shada la mzeituni, ambalo likiwamo bado litakuwa bichi, kwa maana limetoka katika mti wa Athena usionyauka.

Yote yamo. Lakini kati ya vitatu hivyo, nyoka wa dhahabu ni desturi ya ukoo wa Erechtheus, na mzeituni ni wa mji mzima. Kitambaa peke yake ndicho cha Creusa. Kasoro zake ndizo uthibitisho: nyuzi za msichana aliyekuwa bado anajifunza. Jina lake angeweza kuwa nalo yeyote, ukoo wake ulikuwa na mabinti wengine. Ufumaji ule mbovu kidogo hauna wajina. Sijui mahali pengine katika tanzia za Kigiriki ambapo mtu anatambuliwa kwa kazi aliyoshindwa kuimaliza, na akapendeza zaidi kwa sababu hiyo.

Creusa wa Troy ananiletea tatizo la namna nyingine, kwa sababu nyuma ya jina lake kuna jina tofauti lililofutwa. Pausanias, akieleza mchoro mkubwa wa Polygnotus uliokuwa Delphi, anasema kwamba katika tendi za kale, Cypria na ule wa Lesches, mke wa Aeneas aliitwa Eurydice. Mapokeo, basi, yalikuwa na majina mawili. Virgil, akitunga Aeneid kwa Kilatini hadi kufa kwake mwaka 19 K.K., alishika la Creusa. Na Virgil huyo ndiye, katika kitabu cha 4 cha Georgics alichokimaliza yapata mwaka 29 K.K., aliyemtunga Eurydice tunayemjua wote, mke wa Orpheus, aliyeumwa na nyoka na kupotezwa kwenye mlango wa kuzimu kwa sababu mumewe aligeuka.

Soma vifungu viwili hivyo bega kwa bega. Katika Georgics, Orpheus anatangulia, mke anafuata nyuma, karibu na mwanga mume anageuka, na mke anapotea. Katika Aeneid, mji unaungua. Aeneas anampanga kila mtu: baba mabegani, mwana mkono wa kulia akijitahidi kufuata hatua ndefu za babaye, na mke nyuma, kwa mbali, afuate nyayo. Hageuki. Wanafika kwenye kilima cha hekalu la Ceres, wanahesabiana, mmoja hayupo. Virgil ametumia kitenzi kile kile cha Kilatini pande zote mbili, respicere, kutazama nyuma. Orpheus alitazama nyuma akampoteza mkewe. Aeneas hakutazama nyuma akampoteza wake.

Anarudi mjini peke yake, anazijaza barabara kwa kumwita jina. Kivuli chake kinamjia, kikubwa kuliko alivyokuwa hai, kinasema, na kinapomaliza mume anabaki akilia na kutaka kusema mengi, huku mke akififia hewani. Maneno hayo ya mume aliyebaki na mengi ya kusema, na ya mke anayeingia katika hewa nyembamba, yametoka moja kwa moja katika kisa cha Eurydice. Virgil aliacha jina Eurydice, akachukua mwili wa hadithi yake na kumpa Creusa. Aliyezijua tendi za kale angesikia majina mawili kwa pamoja, moja likitamkwa na moja likinyamaza chini yake.

Na anachokisema Creusa? Kwamba safari ni ndefu, kwamba kwenye mto Tiber kunamngoja Aeneas ufalme na mke wa kifalme. Maana ya jina lake inamrudia mdomoni: mwenye jina la kifalme anatangaza kwamba mwingine atakikalia kiti. Ninaona uchungu mkubwa hapa, na unazidi tukikumbuka nani anasimulia. Si Virgil kwa sauti yake. Ni Aeneas mwenyewe, karamuni Carthage, akimwambia Dido. Malkia Dido ameambiwa kwa masikio yake kwamba mke wa kifalme yuko Italia. Alisikia habari za Creusa, wala hakusikia zilizomhusu yeye.

Tumefika kwa Eurydice, naye ana wajina wengi kuliko Creusa. Mke wa Nestor katika Odyssey ni Eurydice. Mama yake Danae ni Eurydice. Mke wa Orpheus mwenyewe hakuitwa hivyo siku zote: Plato anamtaja bila jina, na mshairi Hermesianax anamwita Agriope. Eurydice ni jina la haki pana, jina la mke wa mtawala. Ni kiti kingine.

Aliyekijaza kwa maneno machache kuliko wote ni Sophocles katika Antigone. Huyu Eurydice ni mke wa Creon wa Thebes. Tamthilia ina mistari 1,353, naye haonekani hadi inakaribia kwisha. Anatoka mlangoni, alikuwa akivuta komeo aende kumwomba Pallas, yaani Athena, aliposikia habari ya msiba nyumbani mwake, akaangukia mikononi mwa vijakazi. Anaomba aelezwe tena, akisema amekwisha kuzoea misiba. Hiyo ndiyo kauli yake yote, mistari 9. Anasikiliza jinsi mwanawe Haemon alivyojiua kando ya maiti ya Antigone, mchumba wake. Kisha anageuka na kuingia ndani bila neno.

Wanaobaki nje wanaujadili ukimya wake. Korasi inauona mzito sawa na kilio kingi cha bure. Baada ya muda mlango unafunguliwa na mwili wake unaonekana. Tunaambiwa alijichoma kisu kando ya madhabahu ya nyumbani, akiwalilia wana wawili, si mmoja, na pumzi yake ya mwisho ilikuwa laana juu ya mumewe, muuaji wa wanawe. Laana hiyo hatukuisikia. Sophocles aliiweka ndani, mahali pa wanawake wa kifalme, akatuletea habari yake kwa mdomo wa mtumishi.

Ukiwa na Antigone mkononi, fika kwenye mistari hiyo 9 uisome kwa sauti, kisha usiharakishe kuifuata ile inayokuja. Anayebaki jukwaani ni Creon, akiomba aondolewe pale, na jina lake bado maana yake ni mtawala.